Mguu wa Kushoto

Gulzamani, fundi wa Sanaiya ya Nizwa, hana maneno mengi.
Alilala chini ya gari jipya, akatoka na grisi kwenye paji,
akasema: "Giaboksi nzuri. Ikifa, uza ng'ombe."
Mie sina ng'ombe. Nina robota za majani makavu
na wafugaji wa mbuzi huko Saiq wanaonipigia simu alfajiri
kana kwamba mbuzi wamechelewa shule.

Basi nikayapima.
Jumamosi la zamani, Jumapili jipya,
mzigo uleule, mlima uleule, kutoka Birkat al-Mauz
hadi kule masikio yanakoziba na mikomamanga inakoanza.

La zamani ni la baba. Gia sita za mkono,
kirungu kimesuguliwa hata namba zimefutika;
nazijua kama ulimi unavyoyajua meno.
Ya tatu huingia kwa hiari, ya pili kwa kubembelezwa.
Ukichelewa kushusha gia kwenye kona
linaguna, linatetemeka, linazima,
na nyuma yako lori la maji lishaanza honi.
Baba alinifundisha kwa sikio:
"Usitazame mshale, Badriya. Sikiliza.
Injini ikiimba, iache.
Ikilia, ipe ya chini."

Jipya lina gia kumi, na halikuniuliza hata moja.
Linapanda kama mtu anavyopanda ngazi za kwao gizani.
Turbo ikavuta pumzi; ya saba, ya sita, ya tano,
sikuhisi kitu ila kalamu kubingirika kwenye dashibodi.
Kiti kinapoza mgongo. Kamera inanionyesha ndoano ya trela
na vumbi langu mwenyewe.
Wakati wa kushuka, penye zile njia za kokoto
za kuwanusuru waliokatikiwa na breki,
nikabonyeza kitufe cha breki ya eksosi:
likakohoa mara moja, likashika gia,
likateremka polepole, na mie sina kazi.

Hapo ndipo nilipoona hasira.
Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unapapasa sakafu
kama paka aliyehamishiwa bakuli.

Usiku nikaandika nyuma ya daftari la madeni:
*La mkono: mafuta kidogo. Vipuri hata Barka vipo. Tunajuana.*
*La kujibadilisha: nguvu, raha,* halafu bei,
halafu sikuandika kitu.
La mkono lilikuwa linashinda. Wallahi lilikuwa linashinda.

Jumatatu nilikuwa nalirudisha jipya kwa mwenye duka,
nikampitisha baba kuchukua dawa.
Tangu ule usiku wa Shaabani upande wake wa kushoto umelala.
Mdomo umerudi. Matusi yamerudi, ya Kiarabu na ya Kiswahili.
Mguu, bado.

Nikatoka na vidonge, nikamkuta kwenye kiti cha dereva.
Alifikaje? Sijui, na hakusema.
Alikuwa ameunyanyua ule mguu kwa mkono mzima,
ameuweka pale klachi ilipopaswa kuwapo,
kama unavyoweka kando kilo mbili za sukari.
"Pedali mbili," akasema. "Mbona hukuniambia?"

Nyuma ya kituo cha mafuta kuna uwanja mtupu,
changarawe, matairi mabovu, hakuna mtu.
Tukauzunguka mara moja, mwendo wa mzee kwenda msikitini.
Mara ya pili injini ikabadilisha sauti,
na mkono wake wa kulia ukaondoka kwenye usukani,
ukashuka, ukakishika kikombe changu cha chai,
ukakisukuma mbele kwa nguvu: ya tatu.

Chai ikamwagika hadi kwenye daftari.
"Gari halina adabu," baba akasema,
"linabadilisha kabla mtu hajamaliza kufikiri."
Na akakanyaga mafuta.